Stendi ya nguzo za maputo: angalieni kitako kabla ya rangi

Ndugu Mhariri,

Toleo lenu lililopita lilikuwa na ukurasa mzima wa mapambo ya sherehe. Niliusoma wote, hata kile kipande cha kulinganisha rangi ambacho si fani yangu. Stendi zilipata sentensi moja. Msomaji aliambiwa asimamishe nguzo zake za maputo kwenye stendi imara, basi, mwandishi akarudi kwenye utepe. Mimi ni fundi wa kuchomelea na mke wangu ni mpambaji. Katika miaka tisa ya kufanya kazi hii pamoja, ugomvi wetu mkubwa haukuwa wa fedha wala wa wakwe, ulikuwa wa hiyo sentensi moja. Naomba nafasi niifafanue.

Nianze na siku ya mahafali. Mke wangu alikuwa amefunga nguzo mbili za kusimama kulia na kushoto kwa mlango wa ukumbi, samawati na nyeupe, na kichwani mwa kila moja puto kubwa la sentimita 90. Stendi nilitengeneza mimi, usiku wa kuamkia siku yenyewe: ndoo ya plastiki, zege ndani, bomba katikati. Kila ndoo ilitoka na kilo 12. Nilizibeba mwenyewe kutoka kwenye gari, mgongo ukanipa taarifa, nikajiambia hizi hazitikisiki. Kisha mtu akafungua mlango wa nyuma ili ukumbi upate hewa. Upepo ukaingia huku ukatokea kule. Nguzo ya kushoto ikainama taratibu, kama mzee anayeokota kitu chini, ikalala juu ya meza ya vyeti. Hakuna aliyeumia. Mwalimu mmoja alipoteza lenzi ya miwani, na mke wangu hakusema nami hadi tulipofika nyumbani.

Kila aliyekuwapo alinipa ushauri uleule: ongeza uzito. Nami nilikuwa karibu kuufuata. Kilichonizuia ni kwamba niliporudi kuitazama ile ndoo, niliona alama sakafuni. Ndoo haikusogea hata kidogo. Ilipindukia palepale ilipokuwa, kwenye ukingo wake.

Hapo ndipo penye siri yote, na si siri hata kidogo kwa mtu aliyewahi kusimamisha ngazi. Kitu kinachoanguka hupindukia ukingoni, hakipindukii katikati. Kwa hiyo uzito peke yake hausemi lolote mpaka uuzidishe kwa umbali kutoka katikati ya kitako hadi ukingoni. Ndoo yangu ilikuwa na kitako cha sentimita 24, maana yake kutoka katikati hadi ukingo ni 12. Kilo 12 mara sentimita 12 ni 144. Mimi naziita alama tu, mwanangu wa sekondari ana jina refu zaidi. Sasa chukua bamba la chuma la sentimita 50 kwa 50, unene milimita 5. Linapima kilo 9.8, jepesi kuliko ndoo. Kutoka katikati hadi ukingo ni 25, hivyo alama zake ni 245. Chuma chepesi kinaishinda ndoo nzito, na hakina cha ajabu zaidi ya upana.

Mwanangu ndiye aliyenisaidia hesabu ya upepo. Nguzo ya kawaida ina urefu wa mita 1.8 na upana unaokaribia nusu mita, kwa hiyo machoni pa upepo ni kama mlango mwembamba uliosimamishwa. Upepo wa kilomita 18 kwa saa, ule wa kuyumbisha matawi madogo, unaisukuma kwa alama zipatazo 120. Ndoo yangu ya 144 ingehimili, ila kwa kubanwa. Tulikuwa tumelisahau puto la kichwani. Lile puto moja, kwa kuwa liko juu sana, linaongeza alama nyingine mia na ushee. Jumla inafika karibu 230. Ndoo ilikuwa imeshahukumiwa kabla mlango wa nyuma haujafunguliwa.

Naomba wapambaji wasome tena hapo kwenye puto la kichwani. Mteja akiomba puto kubwa zaidi juu, anakuomba stendi nyingine, hata kama yeye hajui. Na upepo una tabia mbaya: ukiongezeka mara mbili, nguvu yake huongezeka mara nne. Stendi inayotulia asubuhi inaweza kulala mchana pasipo mtu yeyote kuigusa.

Siku hizi kwa kazi za nje natumia bamba la sentimita 60 kwa 60, milimita 6. Ni kilo 17, alama 510, na kwa nguzo ile yenye puto kubwa huhimili mpaka upepo wa kilomita 27 kwa saa kwa makadirio yetu, ukiwa upepo unaovuma sawasawa. Upepo wa vishindo sikuahidi. Ukizidi hapo tunafunga kamba za pembeni au tunahamia ukutani, na mara mbili tumemwambia mteja kwamba nje leo hapana.

Kuna watu wataniambia chuma ni kigumu kupata au ni kizito kubeba, wana mifuko ya mchanga na vitako vya plastiki vya kujaza maji. Sivikatai. Lita 10 za maji ni kilo 10, mchanga mkavu wa ujazo huohuo ni kama kilo 16, zege ni kama kilo 24. Ukijua hivyo utaelewa kwa nini kitako cha plastiki kilichojazwa maji nusu, kama wengi wanavyofanya ili kisiwe kizito garini, ni pambo tu la chini. Jaza mpaka shingoni, kaza kizibo, kigeuze juu chini dakika kadhaa uone kama kinavuja, ndipo ukiingize kwenye ukumbi wenye zulia la watu. Mchanga ni bora kuliko maji, mradi uwe mkavu, kwa sababu haumwagiki ukapotea usiku. Anayependa zege namwomba aachane na ndoo. Amimine kwenye beseni pana au kwenye tairi kuukuu la pikipiki lililolazwa juu ya nailoni, apate kitako kipana na kifupi. Achanganye saruji moja, mchanga mbili, kokoto tatu, na asilibebe kesho yake. Zege hukomaa kwa siku 28. Likitunzwa na unyevu kwa wiki moja linatosha kwa kazi yetu, lakini la jana hubomoka pale bomba linapoingia, na hapo ndipo linapohitajika.

Wengine wanapenda stendi za miguu kwa kuwa hukunjwa. Hapa kuna mtego ambao hata mimi sikuuona mpaka niliposukuma moja kwa kidole. Stendi ya miguu mitatu, kila mguu sentimita 40, ina nguvu ya 40 ukiisukuma kuelekea mguu wenyewe. Ukiisukuma kuelekea uwazi kati ya miguu miwili, ukingo uko sentimita 20 tu. Ya miguu minne ina 28 katika sehemu yake dhaifu, ya mitano ina 32. Ukilazimika kutumia ya mitatu, elekeza mguu mmoja upande ambao upepo unakwenda, na uweke mfuko wa mchanga juu ya miguu, usiuning'inize kwenye mlingoti.

Sasa mlingoti wenyewe. Ndoa yetu iliyumba hapa.

Stendi yangu ya kwanza ya bamba nilimkabidhi mke wangu kwa fahari. Bomba la chuma la milimita 50, limesimama wima kama askari. Alianza kufunga mashada. Kwa wasiojua, maputo ya inchi 11 hupulizwa mpaka inchi 9, kila moja likipimwa kwenye tundu la boksi ili yote yalingane. Hufungwa mawili mawili, kisha jozi mbili husokotwa kuwa shada la manne, na shada huvishwa kwenye mlingoti maputo mawili huku na mawili kule. Shada linalofuata hukaa kwenye mabonde ya lile la chini. Ukifuata rangi kwa mpangilio uleule, mistari inajizungusha yenyewe kama skrubu. Mashada 12, yaani maputo 48, hutoa ile nguzo ya mita 1.8.

Basi, puto la kwanza lilipasuka. La pili likapasuka. Alipofika shada la nne shingo za maputo zilikuwa zimevutika kulizunguka lile bomba nene mpaka mashada yakawa na nafasi katikati, bomba linachungulia. Akaweka pampu chini, akanitazama. "Baba watoto, hii stendi yako ni nzuri sana ya kufungia ng'ombe."

Nilipitisha kidole kwenye bomba nikaona kosa langu. Karibu na kiungio kulikuwa na vitone vya weldingi vilivyorukia, vidogo kama chembe za chumvi. Fundi wa mageti havioni. Puto linaviona vyote. Tangu siku ile kila stendi inayotoka kwangu inapita mtihani wa soksi: navuta soksi ya nailoni kutoka juu mpaka chini, na ikikwama mahali popote, msasa. Mdomo wa juu wa bomba nausugua kwa tupa ndani na nje, kisha navisha kizibo cha plastiki. Ncha za skrubu zote zinaelekea chini ya bamba, na chini ya bamba nabandika mpira ili lisikwaruze sakafu wala kuteleza.

Unene tulifikia suluhu. Yeye anataka mlingoti usiozidi milimita 25, mimi nataka usiopinda. Bomba la plastiki la milimita 20 ambalo wengi hutumia ni rahisi na jepesi, linafaa nguzo fupi za ndani zinazofika kiunoni au kifuani. Likifika mita mbili na puto kubwa kichwani linakuwa fimbo ya kuvulia samaki, na juani linalegea zaidi. Bomba la milimita 32 lenye ukuta wa unene uleule ni gumu kupinda zaidi ya mara nne ya lile la 20, kwa hiyo tofauti ndogo ya unene si ndogo. Tulichokubaliana ni bomba la chuma la milimita 25. Anayebaki na plastiki atie nondo au fimbo ya mbao ndani ya nusu ya chini, kwa kuwa mlingoti hupindia chini zaidi kuliko juu.

Kiungio cha mlingoti na bamba ndicho kinachowashinda mafundi wengi, na nawasema nikiwa mmoja wao. Tunachomelea kipande kifupi cha bomba juu ya bamba ili mlingoti uchomekwe ndani yake. Kipande hicho kikiwa na kina cha sentimita 10 na mlingoti ukacheza humo kwa milimita mbili tu, kule juu kwenye mita mbili nguzo inalala sentimita nne upande mmoja. Ukizidisha kina kuwa sentimita 20, mlalo unabaki mbili. Natumia 20, na pembeni natoboa tundu la bolti ya kukazia kwa mkono. Nguzo iliyolala huonekana mbaya, na kwa kuwa uzito umeshasogea kuelekea ukingo, imeshaanza safari ya kuanguka.

Kwa mafundi wenzangu, mambo mawili ya haraka. Bamba la milimita 5 likichomwa upande mmoja mfululizo hujikunja kama chapati na stendi inacheza sakafuni, kwa hiyo chomea vipande vifupi, huku kidogo, ng'ambo kidogo, uache lipoe. Na bomba la mabati, kwangua ile zinki kwanza mpaka chuma kionekane, ufanyie kazi penye hewa. Moshi wake mweupe utakulaza usiku na homa ukidhani ni malaria.

Kuna jambo dogo ambalo mke wangu anataka niandike, na ameshikilia kalamu mpaka niliandike. Mashada hushuka. Kila shada linalikalia lililo chini yake, na baada ya saa chache chini kumebanana, juu kumeachia uwazi, puto la kichwani linaning'inia peke yake. Yeye hufunga puto refu jembamba, lile la kutengenezea wanyama, kuuzunguka mlingoti chini ya shada la kwanza, na lingine juu ya shada la mwisho. Mpira unaushika mpira. Nami nimemwekea pete ya plastiki yenye skrubu sentimita 5 juu ya bamba, kwa sababu shada la kwanza likigusa chuma kilichopigwa na jua au nyasi zilizokatwa karibuni, halikai. Ncha za nyasi hizo zinachoma kama sindano.

Kuhusu gesi, nguzo inayoshikwa na stendi haihitaji heli. Pampu ya hewa inatosha, na puto la hewa litakaa siku nyingi ambapo lenye heli la ukubwa huohuo litakuwa limelegea ndani ya siku moja. Juani punguza upulizaji. Hewa ya ndani ikipanda kutoka nyuzi 20 hadi 40 hutanuka kwa karibu asilimia 7, na puto jeusi au la bluu iliyokolea hupata joto zaidi ya hilo. Lililopulizwa mpaka mwisho asubuhi halina pa kutanukia.

Anayenunua stendi iliyo tayari sina neno naye, tuliwahi kununua nne. Ila asinunue kwa picha. Apime kitako kwa futi, aulize kilo za kitako kikiwa kimejaa, azidishe. Akute mtu anayeuza bila kujua kilo, aombe mizani. Ile milingoti ya kuvutika kama antena ikague kwenye vibano: ivute mpaka mwisho, kaza, kisha ikandamize kwa viganja viwili kwa nguvu. Ikishuka mbele ya muuzaji, mbele ya wageni itashuka mara mbili. Angalia pia kama vipande vinatenganishwa hadi urefu unaoingia ndani ya gari lako. Stendi mbili kati ya zile nne tulizonunua zilikuwa na mlingoti wa kipande kimoja cha mita 1.9, tukawa tunasafiri na dirisha wazi.

Na zikishasimama, zisiwekwe ndani ya njia ya kutokea watu. Bamba la sentimita 60 ni kubwa, mguu wa mgeni hulikanyaga au hujikwaa, na wapambaji wengi hulificha kwa kitambaa hivi kwamba halionekani kabisa. Kilifunike, sawa, lakini kitambaa kisizidi bamba. Mwisho wa sherehe anayefungua nguzo aokote kila kipande cha puto lililopasuka kabla ya kukunja stendi. Vipande hivyo huwakaba watoto wadogo, na watoto ndio wanaokuja kucheza chini ya nguzo sisi tukiwa tunatafuta spana.

Mhariri, sikuombi ukurasa mzima. Mtakapoandika tena kuhusu maputo, mpeni msomaji upana wa kitako na kilo zake, kama mnavyompa vipimo vya kitambaa. Wapambaji walioniandikia kupitia kwa mke wangu huuliza rangi ya kupaka stendi, na jibu ni nyeupe, kwa kuwa haionekani kati ya maputo ya rangi nyingi. Baada ya hapo hakuna anayeuliza kingine.

Zile ndoo mbili za zege bado ninazo. Moja inashikilia mlango wa karakana usijifunge, nyingine mke wangu amepanda ua juu yake. Bomba lililobaki katikati ndilo ua linalopandia.

Wako,
Fundi kuchomelea, mume wa mpambaji